Teria akigoma mazoezi, mlipe kwa shimo

Pilipili alikuwa na kilo tisa na nusu siku nilipoitwa kumwona. Kwa mbwa teria wa aina ya Jack Russell, mwenye umbo lake, zilitosha kama saba. Mwenyewe, mama mmoja wa Casuarina hapa Malindi, aliniambia kwenye simu, "Kaka, huyu mbwa amegeuka mto wa kochi. Nikimtoa matembezi anafika getini, anakaa kitako." Nilipoingia uani nilimkuta chini ya gari, kidevu mchangani, ananitazama kwa jicho moja. Nikamwita. Akalifumba hilo jicho.

Kazi yangu ni kufundisha mbwa wa majumbani, na swali hili nakutana nalo sana: teria mzima, hana ugonjwa, lakini ukimletea mazoezi anakugeuzia mgongo. Watu husema ni mvivu. Mimi sikubali. Huyohuyo "mvivu" akisikia panya anatembea kwenye makuti ataruka na kuchimba mpaka kucha ziume, wala hajaitwa na mtu. Nguvu anazo, sababu ya kukupa wewe ndiyo hajaiona. Neno teria asili yake ni terra, ardhi kwa Kilatini. Mbwa hawa walizalishwa Uingereza waingie mashimoni kumfuata mbweha, gizani, bwana wao akiwa juu hawaoni, na kila uamuzi ni wao. Hawa wa Jack Russell wamechukua jina la kasisi John Russell wa Devon, mwindaji wa mbweha wa karne ya 19. Sasa wewe unataka apande kreti ya soda kwa kuwa umesema "panda". Lazima ajiulize huko juu kuna nini.

Basi kazi yote iliyobaki ni kumwonyesha kwamba njia ya kwenda shimoni inapitia kwenye kreti.

Hatua ya 1: Hakikisha hakatai kwa maumivu

Usiruke hapa. Mtazame akitembea, upande na nyuma. Teria wadogo wana tatizo la pia ya goti la mguu wa nyuma kuteleza kutoka mahali pake (wazee huiita kilegesambwa, sijui kama walimfikiria huyu). Dalili yake ni rahisi kuidharau: mbwa anakimbia, ghafla anaruka hatua mbili tatu kwa mguu mmoja wa nyuma umekunjwa, kisha anaendelea kama hakuna lililotokea. Wenye mbwa hucheka, "anacheza dansi". Hachezi dansi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza.

Inua mdomo uangalie fizi. Zikiwa nyeupe, na mbwa amepoa, hali chakula vizuri, fikiria homa ya kupe. Pwani yetu kupe hawana msimu wa likizo. Mbwa wa miezi michache pia aache mazoezi ya nguvu mpaka mifupa ikomae, acheze tu.

Kisha unene. Pitisha vidole ubavuni bila kukandamiza. Kunja ngumi, uguse vifundo vyake: mbavu zikiwa hivyo, amekonda. Nyoosha mkono, uguse mgongo wa kiganja: hapo ndipo panapotakiwa. Geuza, uguse kiganja chenyewe karibu na kidole gumba: huyo amenenepa. Pilipili alikuwa kiganja, tena kiganja cha mpishi. Kabla ya zoezi lolote tulipunguza chakula, na mabaki ya pilau yalikoma kuanguka "kwa bahati mbaya" chini ya meza.

Hatua ya 2: Tafuta mshahara wake

Siku ya kwanza sikumfundisha kitu. Nilikaa kwenye ngazi na karatasi, nikaandika kila alichofanya kwa hiari yake. Alinusa mzizi wa mwarobaini. Alichimba karibu na tangi la maji, akafukuzwa na mtunza bustani. Akachimba tena. Alikokota gunia tupu hadi chini ya gari, akalitikisa kichwa huku na huku kama amekamata panya.

Orodha hiyo ndiyo benki yako. Kwa Pilipili, biskuti za dukani zilikuwa sarafu ya nchi nyingine. Ini la ng'ombe lililochemshwa bila chumvi wala kitunguu lilikuwa noti ndogo. Shimo na gunia vilikuwa noti kubwa.

Tulimjengea shimo halali: tairi kuukuu la lori chini ya kivuli, limejazwa mchanga safi wa kulowekwa kidogo. Mtunza bustani alifurahi kuliko mbwa. Funika tairi usiku, kwa sababu paka wa mtaa nao hupenda mchanga laini, kwa shughuli zao, na kagua vidole vya mbwa usije ukamlea funza.

Ini likate vipande vidogo kama punje ya choroko. Na uvitoe kwenye hesabu ya chakula chake cha siku. Likizidi, tumbo litakwambia.

Hatua ya 3: Mfundishe kidoko

Unahitaji sauti moja fupi inayosema "hapo hapo, umepata". Wengi hutumia "haya", lakini mtu wa pwani husema haya mara mia kwa siku, kwa mtoto, kwa boda, kwa simu. Mbwa atachanganyikiwa. Mimi napiga kidoko kwa ulimi. Piga kidoko, toa ini. Piga, toa. Mara kumi na tano, kisha pumzika. Ukipiga naye anageuza kichwa kutafuta mkono wako, ameelewa. Ila usifyonye. Ukishaanza kumfyonya mwanafunzi, funga shule siku hiyo.

Hatua ya 4: Kreti

Hapa ndipo nilipokosea mimi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua kreti ya soda, uipindue, au ubao mpana uliotulia juu ya matofali. Urefu wa kuanzia uwe chini ya kiwiko chake. Kwa Jack Russell sentimita kumi zinatosha. Juu yake gandisha kipande cha zulia la mpira, asiteleze. Chini yake pia. Nyumba zetu zina sakafu ya saruji iliyong'arishwa, nzuri kwa miguu ya watu wakati wa joto, mbaya kabisa kwa mbwa anayejifunza kusimama.

Wiki ya kwanza nilikuwa na haraka. Nilimbeba Pilipili, nikamweka juu ya kreti, nikiwa na hakika kwamba akishaona si kitu ataizoea. Zulia nililisahau kwenye pikipiki. Kreti ikateleza, miguu ya nyuma ikatanuka, akadondokea ubavu. Hakuumia. Lakini kwa wiki tatu nzima alikuwa akiiona kreti ya soda popote, hata dukani, anapita upande wa pili wa barabara. Wiki tatu, kwa sekunde mbili za haraka yangu.

Kwa hiyo: usimbebe, usimsukume, usimvute kamba. Ketini chini, wewe na yeye. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa teria hili si fumbo. Ukimsimamia juu ya kichwa anaona kivuli kinachotaka kumkamata.

Weka kreti mita moja kutoka kwako. Nyamaza. Akiitazama tu, kidoko, ini. Akipiga hatua kuielekea, kidoko, ini, na ini ulitupe mbali kidogo na kreti ili arudi mwenyewe. Akiinusa. Akiigusa kwa mguu, hata kwa bahati. Pilipili, baada ya zile wiki tatu, alichukua siku nne kufika kwenye kunusa. Siku ya tano aliweka kucha tatu za mguu wa kulia juu ya ukingo, akazitoa haraka kama aliyegusa sufuria ya moto, kisha akanitazama. Kidoko. Na badala ya ini nikasema "chimba!" nikakimbia naye kwenye tairi.

Alichimba kama dakika moja, mchanga unaruka hadi kwenye nguo za kamba. Nikarudi kukaa. Nilikuwa bado sijatulia vizuri mgongo ukutani alipokuja mwenyewe, akaweka miguu miwili ya mbele juu ya kreti, akasimama. Mkia umenyooka, masikio mbele. Alikuwa ananidai.

Tangu hapo bei inapanda polepole. Leo sekunde mbili miguu ikiwa juu, wiki ijayo tano, halafu kumi. Zoezi lenyewe ni hili: mbwa hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Ukiiinua ile ya mbele, uzito unarudi nyuma, na mapaja na makalio yanalazimika kufanya kazi. Mgongo uwe umenyooka, miguu ya nyuma sambamba. Akianza kuegemea upande mmoja, mshushe; ukimwacha atafundisha misuli kudanganya.

Akizoea, mfundishe kuzunguka: miguu ya mbele imebaki kwenye kreti, ya nyuma inatembea kando kama mshale wa saa. Mbwa wengi hawajui kama wana miguu ya nyuma. Inawafuata tu. Utauona uso wake siku anapogundua.

Hatua ya 5: Fito

Hili ndilo ninalolipenda, na halina gharama. Fito nne za mikoko, zilaze chini sambamba. Nafasi kati ya fito na fito ianzie kwenye urefu wa mbwa wako kutoka bega hadi ardhini, kisha uirekebishe kwa kumtazama anavyotembea. Mpitishe kwa mwendo wa kutembea, hapana mbio. Akipita bila kugonga, inua fito kidogo kwa mawe, zisivuke kifundo cha mguu wa mbele. Anachofanya ni kukunja kila kiungo na kuinua kila mguu kwa wakati wake, na tumbo linakaza kumshika asiyumbe.

Teria atataka kuruka zote nne kwa mkupuo mmoja. Maana yake unakwenda kasi, au tairi la mchanga liko karibu mno mbele yake. Lihamishe liwe nyuma yako.

Hatua ya 6: Kaa, simama

Akae wima, magoti yameelekea mbele, asilalie paja moja. Ainuke bila kusogeza miguu ya mbele. Mara tano, basi. Kumsimamisha kwa miguu miwili akiomba kama wa sarakasi, acha kwa sasa. Unaelemea mgongo na watu hulikimbilia kwa ajili ya picha.

Hatua ya 7: Saa, joto na bahari

Dakika tano za kutembea kwanza, dakika tano za mazoezi, kisha shimo. Mara tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Mwenye mbwa akiniambia alifanya nusu saa, najua mbwa alifanya dakika sita na zilizobaki walikuwa wakigombana.

Hapa Malindi fanya alfajiri, saa kumi na mbili, au jioni jua likishalegea. Wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Januari hadi Machi, hata saa mbili asubuhi ni kuchelewa. Weka mgongo wa mkono wako kwenye lami au mchanga; usipoweza kuhesabu hadi saba, yeye pia hawezi. Mbwa hupoza mwili zaidi kwa kuhema. Ulimi ukitanuka ncha kama kijiko, simamisha. Akipepesuka au kutapika, mwagie maji mwili mzima hapo hapo, mpepee, ndipo umkimbize kwa daktari.

Ufukweni nenda maji yakipwa, utumie ule mchanga mgumu ulioloa. Mchanga laini wa juu ni mzigo mkubwa kwa misuli isiyozoea, dakika mbili zinatosha mwanzoni. Beba maji yake ya kunywa, la sivyo atakunywa ya bahari, na usiku mtakesha wote wawili. Kusi likileta mwani kwa marundo atataka kujigaragaza humo. Mimi huwa namwachia. Nao ni mshahara.

Akipiga miayo, akilamba midomo, akitazama pembeni, ameomba ruhusa. Mpe moja rahisi aipate, mlipe, mfunge kazi.

Sasa imefika miezi mitano. Pilipili ana kilo saba na robo. Asubuhi nikiingia na fito begani hutoka chini ya gari na kwenda moja kwa moja kwenye tairi, anaanza kuchimba kabla sijamlipa. Namwacha. Nalaza fito zangu taratibu, naketi chini, nampa mgongo, nasubiri. Mara nyingi haifiki dakika mbili nasikia kucha kwenye kreti.