Kazi mpya iko Dodoma, familia iko Dar: namna ya kuamua kuhama au kutohama

Barua ya ajira ikifika, macho huenda kwanza kwenye mshahara, na hapo ndipo hesabu nyingi huanza kupotoka. Mshahara analipwa mtu mmoja, kuhama kunaigusa nyumba nzima. Kwa hiyo anzeni na swali hili: mwisho wa mwezi, mkijumlisha kila kinachoingia na kutoa kila kinachotoka, kitabaki zaidi ya sasa au pungufu?

Hapa tunatumia mfano wa familia iliyopo Dar es Salaam na kazi iliyopo Dodoma, kwa kuwa tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko, familia nyingi zimekutana na uamuzi huu. Kama kazi yako ni ya Mwanza, Mbeya au Arusha, badilisha namba tu, hatua ni zilezile.

Omba siku za kufikiri

Jibu barua ya ajira kwa shukrani na uombe wiki moja au mbili. Mwajiri anayekutaka kweli hatakufukuza kwa hilo. Barua ya kuacha kazi unayoifanya sasa isiandikwe mpaka mkataba mpya umesainiwa na pande zote mbili. Simu ya ofisa rasilimali watu anayesema "wewe njoo tu, mambo mengine tutamalizia huku" haina uzito wowote siku mambo yakiharibika.

Tafuta kinachoingia mkononi

Tuseme unalipwa 1,500,000 kwa mwezi na unaahidiwa 2,000,000. Nyongeza inaonekana ni laki tano. Sasa kata makato. Ukichangia asilimia 10 kwenye mfuko wa pensheni wa NSSF, inakwenda 150,000 kwenye mshahara wa sasa na 200,000 kwenye mpya. Kinachobaki ndicho kinachotozwa PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, na kwa viwango vya Tanzania Bara kipato cha juu ya milioni moja kwa mwezi hulipiwa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi milioni. Kodi ya sasa ni 233,000, ya baadaye itakuwa 368,000. Mkononi utatoka 1,117,000 kwenda 1,432,000. Laki tano imekuwa 315,000.

Kama bado unarejesha mkopo wa elimu ya juu, toa tena asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Nyongeza halisi inashuka hadi 240,000.

Angalia pia mshahara mpya umegawanywaje. Posho ya nyumba au usafiri inaweza kuufanya mshahara uonekane mnene, lakini uliza kama michango ya pensheni itakokotolewa kwenye jumla yote au kwenye mshahara wa msingi tu. Omba mchanganuo kwa maandishi.

Namba inayosahaulika: kipato cha mwenza

Hapa ndipo familia nyingi huumia, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Mwenza mwenye ajira ana mshahara unaojulikana, na kila mtu hukumbuka kuuliza kama atapata uhamisho. Mwenye genge, saluni, cherehani au duka la nguo huambiwa kirahisi, "utafungua kule." Biashara haihami pamoja na meza na makabati. Wateja wanaobaki ni wa mtaa ule, mkopo wa bidhaa unatolewa na muuzaji wa jumla anayemfahamu, na fremu ililipiwa kilemba, yaani fedha ya kuachiwa nafasi. Kaeni pamoja na daftari la miezi sita iliyopita mtafute faida ya wastani kwa mwezi. Ikiwa duka linaingiza 350,000, na nyongeza yako halisi ni 315,000, mkihama mnapunguza kipato cha nyumba siku ileile mnayosherehekea kazi mpya. Hesabuni kwamba biashara mpya huenda isiingize chochote kwa miezi sita hadi mwaka, kisha muone kama mshahara mmoja unaibeba nyumba.

Ulizeni pia kuhusu kikoba na upatu. Anayetoka kikoba kabla ya mzunguko kuvunjwa anaweza kukosa gawio, kutegemea katiba ya kikundi. Aliyekwisha kupokea upatu anadaiwa mpaka zamu ya mwisho. Mkopo wa kikundi una wadhamini ambao hamuwezi kuwaacha na deni. Haya yote yana tarehe, na tarehe hizo ziingie kwenye mpango wa safari.

Mwenza asiulizwe maoni baada ya wewe kukubali kazi. Kumpigia simu jioni kumwambia "nimeshasaini" ni kumnyima haki yake, na kinyongo chake mtahama nacho.

Gharama za kuhama, na lini zinarudi

Tenga fedha inayopotea na fedha inayobadilisha mahali tu. Kodi ya miezi sita mtakayolipa Dodoma mngeilipa hata Dar, lakini inahitajika taslimu kwa mkupuo, kwa hiyo muwe nayo. Inayopotea kabisa ni hii: dalali, ambaye kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja (tuseme 300,000), gari la mizigo (tuseme 900,000), sare, ada za kujiunga na mahitaji ya shule mpya (400,000), na kodi mliyokwisha kulipa Dar ambayo mwenye nyumba harudishi (miezi mitatu ya 250,000 ni 750,000). Jumla 2,350,000.

Gawanya kwa nyongeza halisi: 2,350,000 kwa 315,000 ni miezi saba na nusu. Hiyo ndiyo miezi mnayofanya kazi kurudisha gharama tu. Ikizidi mwaka mmoja na mkataba wenyewe ni wa miaka miwili, kazi hiyo iwe na sababu nyingine nzito zaidi ya mshahara.

Kwa hiyo omba mwajiri agharamie usafiri wa mizigo, nauli za familia na malazi ya wiki mbili hadi mwezi. Ombi hili hutolewa kabla ya kusaini. Ukishafika kazini huna tena cha kujadiliana nacho.

Mstari mmoja wa mkataba

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ataje kwa maandishi mahali ulipoajiriwa na mahali pa kazi. Hakikisha mahali ulipoajiriwa pameandikwa Dar es Salaam. Sheria hiyo inasema mkataba ukisitishwa mahali pasipo pale ulipoajiriwa, mwajiri anawajibika kukusafirisha wewe na mizigo yako kurudi, au kukulipia gharama hizo. Ukisaini mkataba unaosema uliajiriwa Dodoma, umeikata kamba hiyo mwenyewe.

Sheria hiyohiyo inamwacha nje ya kinga ya kuachishwa kazi isivyo halali mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake. Changanya hilo na miezi saba na nusu ya kurudisha gharama, na utaona kwa nini ushauri wetu ni huu unaofuata.

Mmoja atangulie

Isipokuwa kama mwajiri analipia kila kitu, mwenye kazi atangulie peke yake mpaka athibitishwe kazini. Hilo lina gharama, na ni bora kuijua. Chumba cha 100,000, chakula na matumizi 200,000, na kwenda Dar mara mbili kwa mwezi kwa SGR kwa nauli ya 31,000 iliyotangazwa treni ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, ni 124,000. Jumla 424,000, yaani mnapungukiwa 109,000 kila mwezi hata baada ya nyongeza. Kwa miezi sita ni 654,000. Hiyo ni bima: kazi ikigeuka shubiri, mmepoteza laki sita na ushee, badala ya zaidi ya milioni mbili na biashara ya mwenza juu yake.

Wekeni mwisho wa kipindi hiki kwa tarehe. Kuishi mbalimbali bila tarehe hugeuka mazoea, nyumba mbili zinakula mshahara mmoja, na mtoto anazoea kumwona mzazi kwenye simu. Tarehe ikifika, ama familia inahama, ama mwenye kazi anaanza kutafuta njia ya kurudi.

Kalenda ya shule ndiyo inayopanga mwezi

Muhula wa kwanza huanza Januari, kwa hiyo Desemba ndio wakati mzuri wa kuhamisha watoto. Julai inawezekana kwa madarasa yasiyo na mtihani wa taifa. Mtoto wa darasa la nne, la saba, kidato cha pili au cha nne aachwe amalize mwaka: usajili wa mitihani hufanyika mapema kupitia shule aliyopo, na kumhamisha baada ya hapo ni kumtafutia usumbufu. Kama kuna shangazi au bibi wa kukaa naye hadi Novemba, mwombeni mapema, na mpeleke matumizi ya mtoto kila mwezi bila kukumbushwa.

Kabla ya kuondoka, chukueni namba ya PREM ya mtoto (namba inayomtambulisha mwanafunzi), barua ya uhamisho na ripoti za mihula iliyopita. Pateni kwanza shule inayompokea, ndipo muombe uhamisho kule anakotoka.

Kagua mji siku ya kazi

Nenda Jumatatu au Jumanne, si wikiendi. Mtumba, uliko Mji wa Serikali, uko mbali na katikati ya mji, na anayefanya kazi huko akipanga upande wa pili, Nkuhungu kwa mfano, atalipa tofauti ya kodi kwa nauli na saa za kulala. Panda daladala asubuhi ileile ambayo ungeipanda kwenda kazini, uhesabu nauli na dakika.

Dodoma ni kukavu, mvua ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili. Waulize majirani watatu, wala si dalali: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na saa ngapi? Nyumba isiyo na tenki iongezewe bei ya tenki kichwani mwako kabla ya kuiita nafuu. Nunua umeme wa fedha kidogo kwenye mita ya nyumba hiyo: kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na nyumba iliyokaa tupu huweza kuwa na malimbikizo yatakayokula tokeni zako za kwanza. Mwenye nyumba akitaka kodi ya mwaka, omba miezi mitatu au sita. Mtaa huujui bado.

Bima ya afya ina mwanya wake: kadi za mwajiri wa zamani husitishwa na za mwajiri mpya huchelewa. Mwenye mzazi wa presha au mke mjamzito atenge fedha ya dawa na kliniki ya miezi miwili. Kama mzazi huyo anabaki Dar, jina la atakayempeleka hospitali usiku lipatikane kabla ya safari, na awe amekubali mwenyewe.

Siku ya mizigo

Vyumba viwili na sebule kwa kawaida huingia kwenye Canter, zaidi ya hapo tafuteni Fuso. Ulizieni magari yaliyoleta mazao Dar na yanarudi bara, bei huwa nafuu. Desemba kuna mvua, kwa hiyo turubai likaguliwe kabla ya kupakia. Andikeni namba kwenye kila kipande cha kitanda na muweke skrubu zake kwenye mfuko mmoja. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, ripoti za shule, mikataba na dawa za mwezi mmoja zisipande gari la mizigo, zisafiri na ninyi kwenye begi la mkononi.