Jinsi ya kuisoma gesi inayoibadilisha galaksi polepole

Gesi inayosogea kwa kilomita 1 tu kwa sekunde, ikiendelea hivyo miaka bilioni 1, hufika umbali wa miaka ya nuru 3,300 hivi. Mwendo mdogo kama huo unatosha kujenga upya katikati ya galaksi ya spirali. Kazi ni kuuona, maana gesi hiyohiyo inazunguka kwa kasi kubwa mara mia na zaidi.

Hatua ya 1: Chagua galaksi. Data za mradi wa THINGS zinafaa: galaksi 34 zilizopimwa na darubini ya redio ya VLA kupitia wimbi la haidrojeni la sentimita 21. Anza na NGC 2403, ambayo imeinama kwa digrii sitini na kitu. Galaksi inayotutazama uso kwa uso huficha mzunguko wake.

Hatua ya 2: Gawa diski katika pete. Programu ya 3D-Barolo hutafuta mwinamo, mwelekeo wa mhimili mkubwa (mstari mrefu zaidi wa diski kama tunavyoiona) na kasi ya mzunguko wa kila pete. Mwanzoni weka VRAD, yaani kasi ya gesi kuingia au kutoka, iwe 0.

Hatua ya 3: Kagua mhimili mdogo, ule unaoukata mhimili mkubwa kwa digrii 90. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Kwenye mhimili huu gesi inayozunguka tu hukatiza mbele yetu; haitujii wala haituachi. Toa kasi ya galaksi nzima (VSYS), kisha tazama kilichobaki. Pande zote mbili zikihama kuelekea upande mmoja, umekosea VSYS. Zikihama kinyume, yaweza kuwa gesi inaingia au inatoka.

Usishangilie bado. Katika galaksi iliyoinama digrii 45 na kuzunguka kwa kilomita 200 kwa sekunde, kukosea mwelekeo wa mhimili kwa digrii 3 tu hukuzalishia kilomita 5 kwa sekunde za uongo. Kwa hiyo pima pembe kati ya mhimili mkubwa na mdogo kwenye ramani ya kasi. Kosa la mwelekeo huizungusha mihimili yote pamoja, nayo hubaki na digrii 90. Mwendo halisi wa kuingia au kutoka huivunja pembe hiyo.

Hatua ya 4: Jua upande ulio karibu nasi. Chukulia kwamba ncha za mikono ya spirali huburutwa nyuma ya mzunguko, kisha linganisha na upande unaotujia. Gesi inayoingia ndani hutuacha ikiwa upande wa karibu, na hutujia ikiwa upande wa mbali.

Hatua ya 5: Tafuta upau wa nyota. Mistari inayounganisha sehemu zenye kasi sawa kwenye ramani ikijipinda kama herufi S karibu na kiini, njia za gesi ni za duaradufu, na VRAD peke yake itakudanganya. Lakini penye upau ndipo mabadiliko yanapoonekana wazi zaidi: gesi hugongana kwenye kingo zake, hupoteza momenta ya mzunguko, hushuka katikati na kuzaa nyota huko. Weka ramani ya vumbi juu ya ramani ya kasi. Kasi ikiruka ghafla kwenye mstari wa vumbi, umeipata gesi ikiwa njiani kushuka.