Mosfeti ya vepu ya kujitengenezea: usidanganyike na ampea

Wadau, kila nikikutana na mtu kaunda vepu yake ya kiboksi (sigara ya umeme) halafu inachemka pale karibu na kitufe, nikimuuliza kaweka mosfeti gani (ile swichi ya kielektroniki inayowasha koili, waya unaotoa mvuke) jibu ni lile lile, IRFZ44N, au IRF3205 aliyoing'oa kwenye inverta mbovu. Namuelewa, ndo zinazopatikana kirahisi, na ukisoma datashiti (karatasi ya vipimo vyake) unakuta 49A, 110A, unasema hii si inatosha na chenji inabaki. Haitoshi.

Iko hivi. Betri moja ya lithiamu ya 18650 ikijaa ina 4.2V na unaitumia mpaka kwenye 3.2V hivi ndo unachaji, na volti hiyo hiyo ndo inayoenda kufungua geti (mguu wa mosfeti unaoiwasha), hakuna nyingine. Sasa hizo mosfeti mbili ampea zake zimetajwa geti ikiwa na 10V! Halafu kuna namba inapoteza watu wengi sana, Vgs(th), yaani volti ambayo geti inaanza kufunguka, mtu anaona 2 hadi 4V anasema aah basi 4.2V inafungua. Hapana mzee, hapo ndo inaanza kupitisha 0.25mA, ni bomba linalodondosha matone na wewe unataka ndoo ijae.

Cha kuangalia ni RDS(on), ule ukinzani inaobaki nao ikiwa imewaka, na usome ule mstari wa 4.5V, siyo wa 10V. Kama datashiti haina kabisa mstari wa 4.5V au 5V, achana nayo kwa betri moja. Kwa IRF3205 na mwenzake huo mstari haupo. Zenye herufi L, yaani IRL, ndo zimetengenezwa kwa volti ndogo, ila L peke yake haikuokoi. IRLZ44N ina L lakini kwenye 4V inaweza kufika milioomu 35. Piga hesabu: koili ya omu 0.5 kwa 4.2V inavuta 8.4A, zidisha 8.4 mara 8.4 mara 0.035 unapata kama wati 2.5 za joto kwenye kakipande kasichokuwa na hitisinki (bati la kupoza joto), ndani ya kiboksi kilichofungwa, pembeni ya betri ya lithiamu. IRLB8743 kwenye 4.5V haizidi milioomu 4.2, na IRLB3034 haizidi 2, kwa hiyo koili ile ile inakupa joto la wati 0.14 tu. Mi naweka 3034 kila mara.

Ukiunga betri mbili kwa mfululizo geti inapata mpaka 8.4V, hapo hata IRF3205 inafanya kazi vizuri, na geti haidhuriki maana inavumilia 20V.

Na kabla hujanunua mosfeti ya kibabe jua betri yako inatoa ngapi. Koili ya omu 0.2 inataka 21A, hiyo hata Samsung 25R ya 20A imeshazidi, sembuse zile za kung'oa kwenye laptopu, hizo usiguse kabisa.

Kuunga sasa. Chanya ya betri inapita kwenye fyuzi inaenda kwenye koili, upande wa pili wa koili unaingia dreni (mguu wa mosfeti umeme unapoingilia), sosi (siyo ya chipsi, ni mguu umeme unapotokea) inaenda hasi ya betri. Kitufe kinapeleka chanya kwenye geti. Kati ya geti na sosi weka rizista ya omu elfu kumi (10k), usiiache, maana bila hiyo ukiachia kitufe geti inabaki na chaji na koili inaendelea kuwaka mfukoni. Kama boksi ni la chuma, soketi ya 510 (ile unayofungia kichwa chenye koili) inalifanya boksi zima kuwa dreni, kwa hiyo waya wa hasi ya betri ukigusa tu bodi umeiruka mosfeti, koili inawaka bila kitufe. Betri ukiigeuza nayo inawaka, ile dayodi ya ndani ya mosfeti inapitisha. Na mosfeti ikifa mara nyingi inakufa kwa shoti, fyuzi haitakusaidia hapo maana umeme ni ule ule wa kawaida wa koili, ndo maana lazima iwepo swichi kuu au betri ya kuchomoa haraka.

Feki nazo zipo kibao, tena zimechapwa jina vizuri kuliko orijino. Weka koili ya omu 0.5, pamba ilowe, betri imejaa, mita iweke kwenye milivolti, shika mguu wa dreni na wa sosi karibu kabisa na mwili wa mosfeti halafu bonyeza sekunde mbili. 3034 ya kweli inasoma kama 16, hata 30 sigombani nayo kwa sababu ya miguu na risasi ya kulehemu. Ikikusomea 200, ing'oe, hiyo siyo 3034.