Somo: Kutafuta maji ya rejeta yanakopotelea

Injini nzima hainywi maji. Kama unaongeza kila wiki, yanatoka mahali, na mahali hapo panapatikana kabla hujanunua kifaa chochote. Magari mengi yenye umri hubadilishiwa pampu, kisha rejeta, kisha themostati (vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji), kumbe ugonjwa uko kwenye mfuniko wa rejeta.

1. Anza kazi injini ikiwa imepoa, imelala usiku kucha bila kuwashwa. Maji yaliyo kwenye presha huvuka nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua mfuniko wa moto, yanakurukia usoni.

2. Soma namba ya presha iliyoandikwa kwenye mfuniko, mara nyingi 0.9 au 1.1 (kwa bar). Mpira ukipasuka au springi ikilegea, presha haishiki, maji huchemka mapema na kumwagikia tangi la akiba. Nunua wa namba ileile. Mkali zaidi hupasua hosi zilizochoka.

3. Jaza maji, funga pampu ya kupimia presha mahali pa mfuniko, pandisha presha hadi namba ya mfuniko bila kuizidi, subiri dakika 15. Mshale ukishuka, tafuta unyevu kwa tochi: maungio ya hosi, mishono ya plastiki na bati kwenye rejeta, na tundu dogo chini ya pampu ya maji. Tundu hilo limewekwa makusudi: likidondosha, sili ya ndani imekwisha. Usilizibe! Halafu papasa zulia la mbele ndani ya gari. Likiwa limelowa na kioo kinashika ukungu, rejeta ndogo ya hita imetoboka.

4. Presha inashuka na nje ni kukavu? Chomoa plagi zote za kuwashia. Iliyo safi kupita wenzake huenda inaoshwa na mvuke. Thibitisha kwa dawa ya buluu ya kupima gesi mdomoni mwa rejeta, injini ikinguruma. Ikigeuka njano, gasketi ya hedi (karatasi ya kuziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku) inapitisha gesi.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi anataka kutoa themostati ili injini ipoe. Nikubali?
Jibu: Hapana. Nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Bila hiyo injini huchelewa kupata moto, hula mafuta na kulika haraka, na chanzo kinabaki palepale. Mbovu hubadilishwa.

Swali: Gasketi mpya imeungua tena. Ni feki?
Jibu: Kwanza shuku hedi iliyopinda. Iwekewe rula ya chuma iliyonyooka na mwanya upimwe kwa filagenji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Injini nyingi ndogo huvumilia 0.05 mm tu, ila fuata kitabu cha injini yako. Ikizidi, isawazishwe kwa mashine. Na bolti zinazokazwa kwa kipimo cha pembe mara nyingi hazirudiwi, kwa sababu zimeshavutika.

Swali: Kuna utando kama maziwa chini ya mfuniko wa oili, lakini kijiti cha kupimia oili ni safi.
Jibu: Kwa gari la safari fupi, huo huwa ni unyevu usiopata moto wa kukauka. Futa, endesha mwendo mrefu injini ikiwa ya moto, kagua tena. Utando ukirudi huku maji yanapungua, nenda hatua ya 4.