Kinda si kila mgeni: namna ya kulitumia neno hili

Baba alifuga njiwa nyumbani kwetu Tanga, na kazi ya kuchungulia viota ilikuwa yangu. Kifaranga wa kuku akianguliwa leo, kesho yuko nyuma ya mama yake anadonoa. Kinda la njiwa haliwezi hayo. Hutoka yaini likiwa halijaota manyoya, macho limefumba, na hulishwa mdomo kwa mdomo karibu mwezi mzima ndipo liruke. Leo nanoa timu ya yosso, yaani ya vijana, Temeke, na nikimwita mchezaji kinda, maana yangu ni hiyo: ana mbawa, ila bado analishwa.

Kwa hiyo anza na umri. Lamine Yamal wa Hispania alipoifunga Ufaransa kwenye Euro 2024 alikuwa na miaka 16. Huyo ni kinda, hakuna ubishi. Mbwana Samatta alipotua Aston Villa Januari 2020 alikuwa mgeni Uingereza, lakini alikuwa na miaka 27 na mabao kibao aliyoyafunga akiwa Genk ya Ubelgiji. Kumwita kinda ni kumnyonyoa manyoya. Sema mchezaji mpya, yatosha. Mimi huliacha neno hili mtu akikaribia miaka 21, au mapema zaidi akishapata namba ya kudumu kikosini.

Halafu kipaji. Mtoto yeyote uwanjani ni dogo, kinda ni yule uliyeona kitu mguuni mwake. Ndiyo maana uwanjani tunapaza sauti "Dogo, rudi nyuma!" wala si "Kinda, rudi!" Neno hili ni la kumtajia mtu kwa wengine. Nalo lieleze vizuri: mama mmoja aliwahi kuniuliza kwa uchungu kama namdharau mwanawe. Nilimsimulia habari ya njiwa, akaridhika.

Upatanisho usikusumbue. Ndege: kinda hili limeruka. Mtu: kinda huyu amefunga, makinda hawa wamefunga. Utasikia "kinda la Simba" na "kinda wa Simba". Mimi nasema wa, kwa kuwa ni mtu.

Nje ya soka chukua chipukizi. Halina umri: mama wa miaka 45 mwenye diwani yake ya kwanza ni mshairi chipukizi. Andagraundi waachie wanamuziki ambao jina halijatoka, na usimwite mtu hivyo kabla hajajiita mwenyewe.