Somo: Kuuchua mgongo wa chini unaouma zaidi ya miezi mitatu

Kila nikifundisha kuchua mgongo, lazima mtu mmoja aniulize: "Nikibonyeza hapa, inarudi?" Anazungumzia pingili ya uti wa mgongo. Hairudi, kwa sababu haikuwa imeondoka.

Siwacheki wanaouliza. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwambia mama mmoja kwamba pingili yake ilikuwa imeteguka, nami nimeirudisha mahali pake. Alishukuru sana. Wiki iliyofuata alikuja akakaa kwenye ncha ya kiti, mgongo umenyooka kama mtu aliyetwikwa mtungi, akaniambia tangu siku ile haokoti kitu sakafuni asije akaitegua tena. Maumivu yalikuwa yamepungua, lakini hofu niliyompa ilimgandisha kuliko maumivu yenyewe. Maneno niliyoyasema kwa nusu dakika yalinichukua miezi kuyafuta.

Somo hili linahusu maumivu yaliyopita wiki 12, yaliyo kati ya mbavu za chini na mikunjo ya makalio, na ambayo vipimo havionyeshi sababu moja ya wazi. Hayo ndiyo mengi, karibu wagonjwa tisa kati ya kumi. Mgongo ulioanza kuuma juzi una habari yake nyingine.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujagusa

Usianze na mafuta, anza na maswali. Je, kuna ganzi katikati ya mapaja, sehemu za siri au kwenye njia ya haja kubwa? Mkojo unagoma kutoka, au unatoka bila taarifa? Miguu inalegea? Mojawapo ya hayo maana yake ni kwamba neva za mwisho wa uti wa mgongo huenda zimebanwa, na hiyo ni dharura ya hospitali, tena ya saa hizo hizo.

Uliza pia kuhusu homa, kukonda bila sababu, kutokwa jasho usiku, saratani ya zamani, kuanguka au ajali, na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu tu, kinaweza kula pingili. Maumivu yasiyopoa hata mtu akilala vipi, yanayomwamsha kila usiku, yanahitaji daktari kwanza na mkono baadaye. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye asichuliwe kwa nguvu.

Watu huiruka hatua hii kwa sababu haina raha. Mimi nikikuta mtu anaijua hatua hii tu na nyingine zote hazijui, namwamini kuliko fundi wa vidole asiyeuliza kitu.

Hatua ya 2: Pima

Mwambie asimame, ainame taratibu, umtazame vidole vinafika wapi: magotini, katikati ya muundi, au kwenye kifundo. Kisha achague kazi moja ya kila siku inayomshinda, kama kufunga kamba za viatu, kugeuka kitandani au kutoka kwenye kiti. Aipe alama kutoka 0 mpaka 10. Andika. Bila kuandika, baada ya wiki mbili mtabaki kubishana kama kuna nafuu au hakuna.

Hatua ya 3: Mlaze vizuri

Kifudifudi, mto mwembamba chini ya tumbo ili kiuno kisibonyee, na kitambaa kilichokunjwa chini ya vifundo vya miguu. Asiyeweza kulala kifudifudi alale ubavu, mto kati ya magoti. Chumba kiwe na joto la kutosha, maana mtu anayetetemeka hawezi kulegeza misuli hata achuliwe na nani.

Hatua ya 4: Kuchua

Hapa ndipo wengi wanapokimbia, kwa hiyo twende polepole.

Pitisha kidole katikati ya mgongo, utazihisi nundu za mifupa zimepangana. Nundu hizo hazichuliwi. Sogea pembeni upana wa vidole viwili, kushoto na kulia, utakuta misuli miwili mirefu kama kamba nene za meli. Hiyo ndiyo yako.

Weka viganja bapa, bila kubonyeza, ukae hivyo mpaka mgonjwa avute pumzi tatu au nne. Utaona mabega yake yanashuka. Ndipo upake mafuta kidogo, ya kuteleza tu na si ya kuogelea, uanze kusukuma kutoka juu ya makalio kuelekea mbavu za mwisho, ukirudi kwa pembeni. Usitumie nguvu za mikono. Simama mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, nyoosha viwiko, uache uzito wa mwili ufanye kazi. Ukiona unatoka jasho, umekosea.

Presha iwe kiasi gani? Muulize yeye. Maumivu ya kuchuliwa yabaki kwenye 4, yasizidi 5 kati ya 10, yale ambayo mtu huguna lakini hataki uache. Akianza kukunja ngumi, kuzuia pumzi au kukaza makalio, umepita kiasi hata kama mdomoni anasema "endelea tu". Wanaume hasa husema endelea tu.

Baada ya dakika tano tafuta mahali panapouma zaidi. Mara nyingi utashangaa kwamba si kiunoni bali juu ya kalio, pembeni, chini kidogo ya ukingo wa mfupa wa nyonga. Bonyeza hapo kwa ngumi iliyolegea, polepole, ukae sekunde 30 hadi 60 bila kusugua. Ukihisi panalainika chini ya mkono, ongeza kidogo. Pasipolainika, ondoka, usipigane napo. Ubonyezo ukituma shoti mpaka chini ya goti, acha hapo kabisa.

Dakika 15 kwa jumla zinatosha. Saa nzima ni starehe, sikatai, ila si lazima.

Hatua ya 5: Ile isiyofanywa nyumbani

Kuna kusogeza viungo vya pingili kwa kuvibonyeza kwa mdundo. Geoffrey Maitland, mfiziotherapia (mtaalamu wa kutibu viungo kwa mikono na mazoezi) wa Australia, aliipanga mibonyezo hiyo katika ngazi nne, kuanzia ule mdogo wa kutuliza hadi ule wa kufika mwisho wa mwendo wa kiungo. Kuna pia msukumo mmoja wa ghafla, wenye kasi, unaoacha mlio. Vyote viwili ni vya aliyesomea. Mkono wake umejifunza kuhisi wapi pa kuishia, na kujifunza huko hakupatikani kwenye video.

Ule mlio watu wanauabudu. Ni sawa na ule wa kualisha vidole: ndani ya kiungo kuna ute, presha ikishuka ghafla hutokea uwazi wa gesi ndani ya ute ule, nacho kinaalika. Hakuna mfupa uliorudi nyumbani. Ndiyo maana ukijaribu kukialisha kidole kilekile papo hapo kinakataa, mpaka zipite dakika 20 hivi. Tiba inaweza kufanya kazi bila mlio wowote, na mlio unaweza kutoka bila tiba.

Hatua ya 6: Inuka utumie nafuu

Mikono hutuliza neva, hulegeza misuli iliyojikaza kulinda, na kuuambia ubongo kwamba mahali hapo panaweza kuguswa bila hatari. Nafuu hiyo hukaa saa chache, kwa wengine siku mbili tatu. Ni mkopo. Ukichuliwa kisha ukaenda kulala, umekula mkopo bila kufanya biashara.

Kwa hiyo palepale, kabla mafuta hayajakauka: alale chali magoti yamekunjwa, akiminye kiuno kitandani kisha akiachie, mara 10. Apige magoti na viganja, auinue mgongo juu kama paka aliyeshtuka, kisha aushushe, mara 10. Asimame, ainame tena kama mwanzo. Ndipo unapotazama ile alama uliyoandika. Amalize kwa kutembea dakika 10 hadi 15, mikono ikipepea, si kwa hatua za kunyemelea.

Hatua ya 7: Jua pa kuacha

Baada ya vipindi vinne hadi sita ile kazi uliyoiandika haijasogea hata alama mbili? Badilisha mpango. Anayekwambia urudi kila wiki maisha yako yote anatunza kazi yake, si mgongo wako.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotoka Desemba 2023 unakubali kuchuliwa na tiba ya kusogeza pingili kwa maumivu sugu ya kiuno, lakini vikiwa sehemu ya matibabu mapana zaidi, si peke yake. Mwongozo wa Uingereza wa 2016 ulisema vivyo hivyo, kwamba mikono peke yake haitoshi.

Maswali

*Shikamoo daktari. Kipimo cha MRI kinasema diski ya L4 na L5 imetokeza. Mikono itairudisha ndani?*

Marahaba, ila mimi si daktari, ni mfiziotherapia. Diski ni kama mto laini kati ya pingili, na hiyo yako iko kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno. Hapana, mikono haiisukumi ndani. Lakini usiisome karatasi hiyo kama hukumu. Uchunguzi uliokusanya picha za watu wasioumwa chochote ulikuta diski zilizotokeza kwa asilimia 30 ya wenye miaka 20, na asilimia 84 ya wenye miaka 80. Ni kama mvi, ila za ndani. Kilicho muhimu kuliko picha ni kama mguu una ganzi au umepoteza nguvu. Kama vipo, daktari aupime kwanza.

*Mama yangu ana miaka 71 na ameambiwa mifupa yake imekuwa myepesi. Nimchue?*

Mchue, lakini kwa viganja vilivyo bapa na kwa uzito wa kumpaka mtoto mafuta. Usibonyeze kwa ngumi wala kiwiko, na mtu yeyote asimfanyie ule msukumo wa ghafla, hata awe na vyeti ukuta mzima. Maumivu makali mapya baada ya kuinua kitu au kukaa kwa kishindo yapigwe picha, pingili inaweza kuwa imepondeka.

*Kaka, mimi huwa nalala chini mwanangu ananikanyaga mgongoni. Napata nafuu kweli. Kuna ubaya?*

Nafuu nakuamini. Tatizo ni kisigino kuteleza kikatua juu ya mbavu au figo, na mtoto hajui kuipima presha. Tena watoto hukua. Tumia mpira wa tenisi: simama, ubane kati ya kalio na ukuta, uegemee taratibu. Ukuta hautelezi.

*Navaa mkanda wa kiuno mwezi wa nane sasa. Niuvue?*

Ndiyo, kwa hatua. Anza na saa ambazo hufanyi kazi nzito, uongeze kila baada ya siku chache. Mwongozo ule wa 2023 hauipendekezi mikanda kwa maumivu sugu, wala mashine za kuvuta mgongo. Utajihisi uko uchi siku za mwanzo. Huko ni kuzoea tu, si kuumia.

*Nina mimba ya miezi saba. Mume wangu anaweza kunichua?*

Anaweza, ukiwa umelala ubavu, taratibu, kiunoni na kwenye makalio. Tumbo aliache. Ukiona damu, maji, au maumivu yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio, hilo si la mgongo tena. Nenda kwa mkunga.

*Nilichuliwa juzi nikaamka mgongo umevimba na unauma zaidi. Nimeumizwa?*

Kuuma siku moja au mbili kama baada ya mazoezi ni kawaida, na huisha. Kuvimba si kawaida. Kuna aliyesugua kuliko ilivyotakiwa, au ngozi imekataa mafuta. Upumzishe mgongo, ila uendelee kutembea. Siku tatu zikipita bila nafuu, mwonyeshe daktari.

*Mtaalamu, samahani kwa kuchelewa. Kiuno kinaniuma miaka miwili, nishazoea. Leo nilitaka kuuliza hiyo ngumi ya hatua ya 4 nikae sekunde ngapi upande wa kulia, maana maumivu sasa yanashuka miguu yote miwili. Tangu jana mkojo nao unasumbua kuanza, na nikikaa chooni sijisikii vizuri huko chini, kama si mwili wangu.*

Ndugu yangu, usichuliwe. Rudi usome hatua ya 1, au usiisome, nenda tu hospitali sasa hivi, kwenye dharura, usingoje asubuhi. Mtu akusindikize, usiendeshe mwenyewe. Ukifika usiseme "kiuno kinauma", watakuweka kwenye foleni. Sema kwa mpangilio huu: mkojo unagoma tangu jana, huko chini pamekufa ganzi, miguu yote miwili. Ukishaonwa, niandikie.