Jinsi ya Kusoma Umri wa Kreta za Mwezini kwa Darubini Ndogo

Wengi huazima darubini na kuielekeza Mwezini usiku wa kumi na nne, mwezi ukiwa mpevu, kisha huvunjika moyo kwa kuona duara jeupe lenye madoa tu. Usiku huo miale ya Jua huuangukia uso tunaoutazama karibu wima, vivuli hutoweka, na kreta, yaani shimo la duara lenye ukingo, ambayo hutambulika kwa kivuli chake zaidi kuliko kwa rangi yake, hupotea machoni. Usiku ufaao ni kuanzia wa tano hadi wa kumi tangu mwezi kuandama, na mahali pa kutazama ni kwenye mpaka wa nuru na giza, ambako huko Mwezini ndiyo kwanza kunapambazuka na hata ukingo mfupi hutupa kivuli kirefu.

Darubini ya macho mawili inayokuza mara kumi inatosha kwa kuanzia, mradi uegemeze viwiko juu ya ukuta au mgongo wa kiti ili taswira isitikisike. Tafuta pia ramani ya Mwezi yenye majina, lakini uishike ipasavyo. Ramani nyingi zimechorwa kaskazini ikiwa juu, ilhali kwetu karibu na ikweta, ukielekea magharibi baada ya magharibi kuingia, kaskazini ya Mwezi huwa mkono wa kulia na upande wenye nuru huwa chini. Izungushe ramani robo mzunguko kuelekea kulia, nayo italingana na unachokiona. Usipofanya hivyo utatafuta kreta moja usiku kucha, na nadhani hili huwakatisha tamaa wanaoanza kuliko udogo wa darubini zao.

Kabla ya kutazama, ni vizuri kufahamu mashimo hayo yalitokana na nini. Neno kreta wengi wetu tumelizoea kwa sababu ya Ngorongoro, lakini ile ilitokea pale volkano ilipoporomoka ndani yake yenyewe. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba hata za Mwezini zilitokana na volkano. Mwaka 1893 mwanajiolojia Grove Karl Gilbert alitetea hoja kwamba zilichimbwa na vitu vilivyoanguka kutoka angani, lakini wachache walimsikiliza. Na ni mwaka 1960 ndipo mwanajiolojia Eugene Shoemaker na wenzake walipoeleza kwamba katika kreta ya Arizona, Marekani, kuna koesiti, madini yanayohitaji mgandamizo mkubwa mno ili yaumbike, ushahidi uliowapa watu njia ya kutambua athari za mgongano.

Jiwe linaloanguka Mwezini huja kwa kasi ya takriban kilomita 20 kwa sekunde, na hakuna hewa ya kulipunguza mwendo. Linapogonga, wimbi la mshtuko hupenya ardhini, mwamba huyeyuka na sehemu yake kugeuka mvuke, na kinachochimba shimo ni mlipuko huo wenyewe wala si ncha ya jiwe. Ndiyo maana kreta nyingi ni za duara hata pale jiwe lilipokuja kimshazari, na upana wake huwa mara kumi au ishirini ya jiwe lililoichimba. Kreta ndogo hubaki na umbo la bakuli. Ikizidi upana wa kilomita 15 hadi 20 hivi, haiwezi kubaki bakuli: sakafu yake huinuka katikati na kuacha kilele, na kuta hubomoka zikawa kama ngazi. Yote hayo humalizika kwa dakika chache.

Sasa anza zoezi la kwanza usiku wa tano au wa sita. Kando ya Mare Nectaris, mojawapo ya tambarare nyeusi za Mwezini ziitwazo mare, kuna kreta tatu zilizofuatana, Theophilus, Cyrillus na Catharina, kila moja ikiwa na upana wa kilomita 100 hivi. Tazama zinapogusana: ukuta wa Theophilus umeukata ukuta wa Cyrillus. Kanuni ni moja, nayo haikosei, kwamba ikatayo ni changa kuliko ikatwayo. Kisha linganisha hali zao, kwani Theophilus ina vilele vilivyosimama wazi, ilhali Catharina haina kilele na ukingo wake umetobolewa huku na huku.

Usiku wa nane rudia zoezi hilo kwa Ptolemaeus, Alphonsus na Arzachel, karibu na katikati ya Mwezi, na utaona umri ukipungua kadiri unavyokwenda kusini. Ptolemaeus, yenye upana wa kilomita 150 hivi, imejaa vifusi hadi sakafu yake imekuwa tambarare. Usikose kujiuliza nini kimeichakaza, maana Mwezini hakuna mvua, upepo wala mito, na ardhi yake haijikunji kama ya Dunia. Vimondo vidogo sana hukwangua uso kwa takriban milimita moja tu katika miaka milioni moja. Adui wa kreta ni kreta nyingine: inayochimbwa huifukia jirani yake, huutoboa ukuta wake na kuiporomosha miteremko yake. Clavius, upande wa kusini, inalionyesha hilo vizuri sana usiku wa tisa, kwa kuwa ndani yake mna msururu wa kreta ndogo uliopinda. Plato, upande wa kaskazini, ilizeeka kwa njia nyingine, sakafu yake ikifunikwa na lava nyeusi.

Usiku wa tisa au wa kumi tazama Copernicus, yenye upana wa kilomita 93 na ngazi za kuta zinazoonekana vizuri kwa darubini iliyosimamishwa juu ya kigoda cha miguu mitatu. Mwezi ukishapevuka, irudie pamoja na kreta ya Tycho, kwani huo ndio usiku wa kutazama michirizi myeupe ya vifusi vilivyorushwa mbali. Mionzi ya Jua na vimondo vidogo huififisha michirizi hiyo polepole, hivyo weupe wake ni kipimo cha umri. Ya Tycho inang'aa kuliko zote: kwa sampuli za Apollo 17, safari ya wanaanga wa Marekani waliotua Mwezini, zilizookotwa mwaka 1972 zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo, umri wake umekadiriwa kuwa miaka milioni 108. Copernicus ina takriban miaka milioni 800, na michirizi yake imefifia zaidi.

Chora kila unachokiona, ukiandika tarehe na saa, kwa kuwa kreta ile ile hubadilika sura baada ya siku mbili. Na mwezi ukiwa bado mchanga, kabla ya kufunga darubini tumia dakika chache kutazama upande wake wenye giza. Tarehe 17 Machi 2013 jiwe lilianguka katika Mare Imbrium, likatoa mwanga wa sekunde moja hivi ambao ungeweza kuonekana hata bila darubini, na baadaye chombo cha Lunar Reconnaissance Orbiter, kinachouzunguka Mwezi, kilipiga picha ya kreta mpya hapo, yenye upana wa mita 18.